Kifafa na Jamaa Zake: Maneno Tuliyorithi kutoka Mahenge

Si mara nyingi afisa wa istilahi hupata nafasi ya kuyafuata maneno yake hadi mahali yanapotumika. Aghalabu huyaacha yakaondoka mezani kwa njia ya barua na vijitabu, na habari zake hazirudi isipokuwa pale yalipokosewa. Kwa hiyo tulipoalikwa kwenda Mugumu, wilayani Serengeti, na kisha Tarime, kusikiliza jinsi kijitabu kimoja cha afya kuhusu kifafa kinavyosomwa na walimu na wahudumu wa zahanati, tuliupokea mwaliko huo kwa furaha. Kijitabu chenyewe kilitafsiriwa na ofisi moja ambayo hatutaitaja; sisi tuliombwa tu kukipitia kabla hakijachapwa mara ya pili.

Tulidhani kazi hiyo ingekuwa ya siku mbili. Siku ya kwanza, huko Mugumu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mzima wa makamo, alisimama akiwa na kijitabu mkononi akasema: "Ndugu Afisa, humu mmeandika kwamba kifafa ni kuanguka na kutukutika. Mimi nilikuwa na mwanafunzi ambaye hakuanguka hata siku moja. Alikuwa akisoma kwa sauti, ghafla ananyamaza, macho yamekaza, kisha anaendelea kama hakuna lililotokea. Nilimchapa kwa kusinzia darasani, muhula mzima. Baadaye hospitali ikasema ni kifafa. Kijitabu hiki ningekisoma mara kumi nisingemwona mtoto wangu humo."

Hatukuwa na jibu. Tulilopata kusema ni kwamba tutakwenda kutazama maneno hayo yametoka wapi. Makala haya ni matokeo ya kutazama huko, na tunayaandika kwa ajili ya wafasiri na walimu ambao siku moja wataulizwa swali kama lile.

Neno *kifafa* ni la zamani. Limo katika Kamusi Sanifu ya mwaka 1939 iliyosimamiwa na Frederick Johnson, wala hakuna kamati iliyolibuni. Wengi hulihusisha na kitenzi *-fa*, kikikaririwa na kutanguliwa na kiambishi cha udogo, yaani kufa kudogo, au kufa nusu. Mtu aanguka, hana fahamu, mwili umekakamaa, kisha ainuka. Aliyelibuni neno hilo alikuwa na jicho zuri, lakini aliona sura moja tu ya maradhi, ile iliyo kubwa na ya kutisha, na sura nyingine zote zikabaki bila jina.

Mtu wa kwanza tunayemjua aliyeishi nchini mwetu na kuziandika sura hizo kwa utaratibu wa kitaalamu hakuwa Mswahili wala hakuwa mtaalamu wa neva. Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jilek-Aall, alizaliwa Oslo, Norway, mwaka 1931. Alifika Tanganyika mwaka 1959 akiwa daktari kijana aliyesomea magonjwa ya nchi za joto. Katika milima ya Mahenge, wilayani Ulanga, kwa Wapogoro, aliwakuta watu wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka mekoni wakiwa hawana fahamu, na waliokuwa karibu hawakuwavuta, kwa kuwa iliaminiwa kwamba atakayemgusa mwenye kifafa wakati ule, au atakayepatwa na mate yake, ataupata ugonjwa. Wagonjwa walikula peke yao na kulala peke yao. Mwaka 1960 akaanzisha huko Mahenge zahanati ya wagonjwa wa kifafa. Dawa kuu ilikuwa fenobabitoni, dawa ya bei ndogo ambayo nguvu yake dhidi ya kifafa ilikuwa imejulikana tangu 1912 kwa kazi ya Mjerumani Alfred Hauptmann.

Tukumbuke kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Zahanati ya Mahenge ilikuwa imekwisha kuwa na miaka saba. Kwa miaka hiyo saba wagonjwa, jamaa zao, wauguzi na daktari mgeni walilazimika kuelewana juu ya maradhi ya ubongo kwa Kiswahili na Kipogoro walivyokuwa navyo, bila orodha ya istilahi kutoka popote. Na walielewana. Sisi tulio katika kazi hii tungefaa kulitafakari jambo hilo kwa unyenyekevu zaidi kuliko tulivyozoea.

Mfano ulio bora ni huu. Katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1965 katika jarida la kitaaluma la Skandinavia, Jilek-Aall alieleza habari za watoto ambao, kabla ya kuanza kuanguka au pamoja na kuanguka, vichwa vyao huinama mbele tena na tena. Wenyeji walikuwa na maneno ya hali hiyo: walisema mtoto *amesinzia kichwa*. Kwa muda mrefu maelezo hayo hayakufuatwa na watu wengi. Baadaye hali kama hiyo ikaonekana Sudan ya Kusini, na kuanzia mwaka 2009 hivi ikatangazwa sana kutoka wilaya za Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda. Kabla kidogo ya hapo wataalamu walikuwa wamekwisha kuirudia Mahenge. Dk. Andrea Winkler, mtaalamu wa neva kutoka Ujerumani, pamoja na wenzake, walichunguza watoto huko na kuchapisha mwaka 2008 uainishaji wa hali hiyo.

Habari za Uganda zilipoingia katika Kiswahili, baadhi ya watangazaji na wafasiri waliandika *ugonjwa wa kutikisa kichwa*. Msomaji ajaribu kutikisa kichwa chake sasa hivi. Kimekwenda kulia na kushoto, nacho kinasema "hapana". Watoto wa Mahenge na wa Kitgum hawakatai kitu. Vichwa vyao vinaanguka mbele, kama vya abiria wa basi la usiku. Mfasiri alilitazama neno la kigeni akalitafutia mwenzake, wala hakumtazama mtoto. Mwanakijiji wa Ulanga alimtazama mtoto, akapata neno lililo sahihi zaidi miaka 40 na zaidi kabla yake.

Hata hivyo, tulipomsomea mwalimu wa Mugumu maneno *kusinzia kichwa*, aliguna. "Ndiyo yaleyale," alisema. "Nimekwambia nilimchapa kwa sababu niliona anasinzia." Alikuwa na haki. Neno lililo sahihi kwa jicho linaweza kuwa hatari darasani, kwa maana kusinzia ni kosa la mwanafunzi, na kosa lina adhabu yake. Tena yule mtoto wake hakuwa na maradhi ya Mahenge hata kidogo; alikuwa na kifafa cha namna nyingine, ambacho historia yake inatupeleka mbali na Mara na Ulanga.

Ubongo hufanya kazi kwa mikondo midogo sana ya umeme inayopita katika chembe zake. Mwaka 1875 Mwingereza Richard Caton aliipima mikondo hiyo katika ubongo wa wanyama. Mwaka 1924 Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili huko Jena, Ujerumani, aliipima kwa binadamu kwa vipande vya chuma vilivyowekwa kichwani, akayatangaza matokeo yake mwaka 1929, na kwa miaka kadhaa wenziwe hawakumsadiki. Kisha mwaka 1935, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox wa Harvard, Marekani, wakaonyesha kwamba mtoto anayezubaa kwa sekunde chache, pasipo kuanguka, ubongo wake wakati huo hutoa mawimbi makubwa yenye ncha, takriban matatu kwa kila sekunde, kwa mpigo ulio sawa kabisa. Mawimbi hayo yakianza, mtoto hayupo. Yakikoma, mtoto amerudi na hakumbuki kitu. Yale ambayo mwalimu aliyaona kuwa utovu wa nidhamu yalikuwa yamechorwa katika karatasi zaidi ya miaka 80 iliyopita.

Je, mchoro huo tuuiteje? Kuna wanaoandika *elektroensefalogramu*, nasi hatuna ugomvi nalo katika vitabu vya vyuo, ijapokuwa muuguzi mmoja wa Tarime alituambia kwamba mgonjwa hulisahau kabla hajafika mlangoni. Kuna wanaosema *kipimo cha umeme wa ubongo*, nalo linaeleweka mara moja. Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo hatukulitazamia. Katika mkutano wa Tarime, mhudumu mmoja wa afya, kijana mchangamfu, alitueleza kwamba yeye huwaambia wazazi: "Ubongo wa mtoto umepiga shoti." Watu walicheka, na sisi tulicheka, tena tulilipenda neno hilo kwa kuwa ni la mtaani na lina picha kamili. Mama mmoja mzee aliyekuwa amekuja na mjukuu wake hakucheka. Aliuliza: "Basi mwanangu, mtu akipigwa shoti, si wanasema usimguse?"

Ukumbi ulinyamaza. Kwa muda wa zaidi ya miaka 60, tangu Mahenge, madaktari na wauguzi wamekuwa wakiwafundisha watu kwamba mwenye kifafa agusike, avutwe kutoka motoni, alazwe ubavu. Neno moja la kisasa, lenye sura ya sayansi, lingeirudisha ile hofu ya kale kwa mlango wa nyuma, mara hii ikiwa na hoja ya fundi umeme. Tangu siku hiyo tunashauri kwamba *umeme wa ubongo* litumike katika jina la kipimo na katika vitabu vya wataalamu, lakini katika vijitabu vya wananchi isisemwe kamwe kuwa mgonjwa "amepigwa umeme" au "shoti".

Hofu hiyo si ya kubuni. Dk. H. T. Rwiza, pamoja na wenzake wa Muhimbili akina Kilonzo, Haule na Matuja, walichunguza vijiji 11 vya wilaya ya Ulanga na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Kati ya watu wapatao 18,000, walipata kwamba watu 10 hivi katika kila 1,000 walikuwa na kifafa, na kwamba vijiji vilitofautiana mno: kimoja kilikuwa na 5 katika 1,000, kingine 37. Mwaka uliofuata walichapisha yale ambayo wakuu wa kaya waliyasema walipoulizwa. Takriban wanne katika kumi walisadiki kwamba kifafa huambukiza kwa kugusana na kwa njia kama hizo, na zaidi ya nusu hawakukubali mtoto mwenye kifafa apelekwe shuleni. Miongoni mwa sababu za ugonjwa zilizotajwa ilikuwamo ngiri. Msomaji wa kigeni hushangaa: ngiri na kifafa wapi na wapi? Sisi tunashangaa kidogo tu. Katika Kiswahili cha kila siku *mshipa* ni njia ya damu, ni neva, na ni ngiri pia; na daktari wa neva humwita mgonjwa wake mwenye tatizo la *mishipa ya fahamu*. Hatuwezi kuthibitisha kwamba neno ndilo lililozaa imani, lakini mtu anapoambiwa kwamba ugonjwa wake ni wa mshipa, ana haki ya kuuchagua mshipa anaoujua. Tunapendelea *neva*, ijapokuwa ni la mkopo.

Mwaka huohuo wa 1992, Jilek-Aall na Rwiza walichapisha pamoja habari za wagonjwa 164 wa ile zahanati ya kwanza, miaka 30 baadaye. Dawa iliwafaa wengi. Takriban nusu waliacha kabisa kushikwa walipokuwa wakiitumia. Lakini 110 walikuwa wamekwisha kufariki, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe, kama vile kuungua, kuzama majini, au kupatwa na kile kifafa kisichokoma. Jilek-Aall alikuwa ameondoka Mahenge zamani. Alifanya kazi na Albert Schweitzer huko Lambaréné, Gabon, kisha mwaka 1963 akahamia Kanada, akasomea magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha McGill na kufundisha baadaye British Columbia. Lakini aliendelea kurudi Mahenge na kuitafutia zahanati dawa. Wachache ni wataalamu waliokubali kuhesabu wagonjwa wao wenyewe waliokufa na kuichapisha hesabu hiyo.

Kuhusu chanzo cha kifafa kingi cha Mahenge, macho ya wengi sasa yameelekea kwenye mnyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Hapa pia lugha imefanya mambo yake. *Usubi* lilikuwa jina la mdudu. Katika mipango ya afya ya Tanzania limekuwa jina la ugonjwa, na mdudu akabaki akiitwa "inzi mweusi". Dawa ya aivamektini imekuwa ikigawiwa Mahenge tangu 1997. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa huko mwaka 2017 na kuchapishwa 2018 ulikuta kifafa bado ni kingi, na kingi zaidi katika vijiji vya ndani kuliko vile vya karibu na mji. Utafiti unaendelea, nasi hatutaingia katika mjadala wa wenye ujuzi.

Turudi Tarime, kwa kuwa huko ndiko tulikopata tatizo ambalo hatukulijua kabisa. Tulikuwa tumetayarisha maelezo marefu ya kutofautisha *kifafa* na *degedege*. Tofauti hiyo ni muhimu. Kwa kawaida madaktari huhesabu kuwa ni kifafa mtu anaposhikwa walau mara mbili, kwa kupishana kwa zaidi ya saa 24, pasipo sababu ya wakati ule kama homa kali. Degedege la mtoto, kwa upande wake, mara nyingi ni la homa, na katika nchi yetu homa hiyo mara nyingi ni ya malaria. Watu wa pwani walilihusisha degedege na pepo ajaye kwa umbo la ndege, na watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta wazazi wanaohofu kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Neno hapo huamua mtoto apelekwe kwa nani kwanza. Ajabu ni kwamba wahudumu wetu wengi husema *degedege* kwa kila kushikwa, hata kwa mtu mzima mwenye kifafa, na dawa za kifafa huziita *dawa za degedege*.

Muuguzi mkunga wa makamo alitusikiliza mpaka tukamaliza, akasema kwa upole: "Hayo ni mazuri, ndugu zangu. Lakini mbona hamkusema lolote juu ya kifafa cha mimba?"

Tulijibu kwamba hilo ni jambo jingine. "Ndiyo," alisema, "ni jingine. Lakini jina ni moja." Akatueleza habari za mama mmoja aliyepandwa na shinikizo la damu katika uzazi wake wa kwanza, akashikwa, akapewa salfeti ya magnesiamu, akapona, akajifungua salama. Karatasi yake ya hospitali iliandikwa kwa Kiswahili safi: *kifafa cha mimba*. Nyumbani ilisomwa na shemeji. Mama mkwe, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliuliza kwa nini wazazi wa binti huyu hawakusema mapema kwamba katika ukoo wao kuna kifafa, ilhali ng'ombe wamekwisha kutolewa. Ilichukua miezi, na safari mbili za muuguzi huyo kwa pikipiki, kumrudisha yule mama jikoni mwake.

Tulipekua madaftari yetu. Istilahi *kifafa cha mimba* imo, imekubaliwa, inatumika katika mabango na vitabu vya wakunga kote nchini, nayo imefanya kazi njema ya kuwahimiza akina mama wajawazito wapime shinikizo la damu. Maradhi hayo hayahusiani na kifafa ila kwa sura ya nje, nayo hutibiwa kwa njia yake. Kwa wasemaji wa Kikuria, Kingoreme, Kiikoma au Kijaluo, ambao wengi wao hukutana na neno *kifafa* kwanza shuleni au zahanati na si nyumbani, hakuna lugha ya mama inayosahihisha kosa hilo. Kiswahili ndicho kinachotoa maana yote, iliyo njema na iliyo mbaya. Na kwa kuwa Wakuria wako pande zote mbili za mpaka, linalosemwa Sirari husikika Isebania jioni ileile.

Mwezi Mei 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa miaka kumi kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya neva. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu milioni 50 hivi wana kifafa, na kwamba takriban saba katika kumi wangeweza kuishi pasipo kushikwa lau wangepata matibabu yafaayo. Vijitabu vingi zaidi basi vitakuja kutafsiriwa, na maneno haya yatahitajika.

Tulirudisha kijitabu kikiwa na mabadiliko yafuatayo. Penye *wagonjwa wa kifafa* tumeweka *watu wenye kifafa*, kwa kuwa wengi wao, wakitumia dawa, si wagonjwa siku nyingi za mwaka. Tendo lenyewe tumeliita *kushikwa*, kitenzi kinachosemwa na kila mtu, wala hatukulibunia nomino. *Mtukutiko* lilipendekezwa mezani kwetu, nasi tumeliondoa, maana yule mtoto wa Mugumu hakutukutika. Hali yake tumeiita *kifafa cha kuzubaa*, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyelichagua neno hilo kati ya manne tuliyompelekea. Alisema kuzubaa humfanya mwalimu amwite mtoto kwa jina, si kuchukua fimbo. *Kusinzia kichwa* tumeliacha kwa ajili ya maradhi ya Mahenge na Uganda.

Kuhusu *kifafa cha mimba* hatujaamua. Muuguzi wa Tarime alipendekeza *degedege la uzazi*, lakini wakunga wengine wanaogopa yule ndege wa pwani. Kuliondoa neno lililo katika mabango ya nchi nzima ni jambo zito, na kwa muda wa mpito akina mama wangeweza kukosa kulitambua onyo. Wasomaji wetu, hasa wafasiri wa vitabu vya ukunga, wanaombwa kutuletea maoni, wakitaja wilaya wanakofanya kazi na neno wanalolisikia huko. Kwa sasa tumeongeza sentensi moja katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu, isemayo kwamba mwanamke aliyepata kifafa cha mimba hana kifafa, wala hatakirithisha kwa watoto wake kwa sababu hiyo. Muuguzi aliomba sentensi hiyo ichapwe kwa herufi kubwa, nasi tumekubali.